Kiumbe wa Kazi Nyingi: Kufundisha Uamuzi kwa Mchezo wa Mapambano

Utangulizi

Mojawapo ya malengo ya elimu ya msingi ni kumwezesha mtoto kufanya uamuzi na kuutolea sababu. Hata hivyo, maswali mengi tunayoyaandika ubaoni yana jibu moja tu, nalo liko nyuma ya kitabu. Mtoto huzoea kutafuta jibu la mwalimu, asizoee kupima njia mbili ambazo kila moja ina faida na hasara zake. Akiondoka shuleni hukutana na maswali ya namna hiyo ya pili kila siku: apande zao gani, auze lini, amtegemee nani.

Makala haya yanaeleza somo la vipindi viwili kwa Darasa la 4 au la 5, ambalo msingi wake ni mchezo wa mapambano ya viumbe uliotoka Japani. Kwanza tutautazama mchezo wenyewe na mbinu za wachezaji hodari, kisha tutaona jinsi mwanachuo anavyoweza kuuleta darasani kwa karatasi na mbegu, bila mashine yoyote.

Asili na kanuni za mchezo

Mchezo wa Pokémon ulianza kuuzwa Japani mwezi Februari 1996. Ulichezwa kwa mashine ndogo ya mkononi iitwayo Game Boy. Mwasisi wake, Satoshi Tajiri, alipenda kukusanya wadudu alipokuwa mtoto, na mapenzi hayo yalimpa wazo la mchezo ambamo mchezaji hukamata viumbe, huwafunza, na kuwapambanisha na viumbe wa mwenzake. Viumbe wa mwanzo walikuwa 151. Leo idadi yao imepita 1,000.

Kanuni tatu zinatosha kwa ajili ya somo letu. Kwanza, kila kiumbe ana aina yake, na aina hushindana kwa mzunguko: maji huushinda moto, moto huyashinda majani, na majani huyashinda maji. Pigo la aina inayofaa huzidishwa kwa 2, na pigo la aina isiyofaa hupunguzwa kuwa nusu. Pili, kiumbe mwenye mbio zaidi ndiye hutangulia kutenda katika kila duru. Tatu, hata kiumbe akijua vitendo vingi namna gani, huingia pamoja na vitendo visivyozidi vinne.

Kanuni hii ya tatu ndiyo kiini cha makala haya.

Mew na tatizo la wingi wa uwezo

Kiumbe wa 151 katika michezo ile ya kwanza huitwa Mew. Aliongezwa mwishoni mwa kazi ya utengenezaji na Shigeki Morimoto, mmoja wa waandishi wa programu ya mchezo. Viwango vyake vyote vya msingi, yaani uhai, kushambulia, kujilinda, mbio na vinginevyo, vimewekwa alama 100 sawasawa. Tena, katika michezo ile, Mew aliweza kujifunza kila kitendo kilichofundishwa kwa zana maalumu za mchezo, hali ambayo viumbe wengi walijifunza sehemu yake tu.

Mtu angedhani kwamba kiumbe wa namna hiyo hahitaji mbinu. Kinyume chake, ndiye anayehitaji mbinu kuliko wote. Kiumbe anayejua kazi moja hamsumbui bwana wake kwa kuchagua. Mew humlazimisha kuchagua vitendo vinne na kuviacha vingine vyote. Anaweza kuwa mshambuliaji, ambaye hutumia duru moja kujiongezea nguvu, kisha akapiga kwa nguvu maradufu. Anaweza kuwa mdhoofishaji, ambaye humwunguza adui ili mapigo yake ya mwili yapungue nusu, huku yeye akijiponya. Anaweza pia kuwa msaidizi, ambaye hujiongezea nguvu kisha akamrithisha mwenzake na kumwachia uwanja.

Mchezaji mchanga hupenda kuchanganya: kitendo kimoja cha kushambulia, kimoja cha kudhoofisha, kimoja cha kuponya na kimoja cha kusaidia. Kiumbe wake huwa na kila kitu kidogo kidogo, wala hamalizi kazi yoyote. Mshika mawili moja humponyoka. Mchezaji hodari huanza kwa swali jingine: “Kundi langu linakosa nini?” Akishalijibu, humpa Mew kazi hiyo moja, na vitendo vyote vinne huitumikia.

Basi faida ya kuwa na uwezo mwingi iko wapi, kama kazi inayotumika ni moja? Iko mahali pawili. Kwanza, kiumbe huyo huweza kuziba pengo lolote la kundi, hata kundi likibadilika. Pili, pale ambapo mpinzani hajui vitendo vilivyochaguliwa, hulazimika kujihadhari na kazi zote tatu mpaka atakapoona kitendo cha kwanza. Faida hii ya pili huisha upesi: kitendo kikishaonekana, siri imetoka. Kwa hiyo mchezaji mzuri hafichui kazi ya kiumbe wake kabla ya wakati.

Kwamba kazi ndani ya kundi ni kubwa kuliko nguvu za mmoja, kulionekana wazi katika mashindano ya dunia ya mwaka 2014 yaliyofanyika Washington, Marekani. Bingwa wake, Sejun Park wa Korea Kusini, alikuwa na Pachirisu, kindi mdogo wa umeme ambaye wachezaji wengi walimdharau. Katika mashindano hayo viumbe hupigana wawili kwa wawili. Pachirisu alikuwa na kitendo cha kuvuta mapigo ya maadui yamwelekee yeye, na mwili wake uliweza kunyonya umeme bila kudhurika. Mwenzake Gyarados, joka la maji lirukalo, hupatwa na umeme mara nne ya kawaida. Kindi alisimama kama ngao, joka likapata nafasi ya kupiga. Hakuchaguliwa kwa ukubwa wa nguvu zake. Alichaguliwa kwa sababu pengo lilikuwa la kipimo chake.

Somo darasani

Madhumuni: Mwisho wa vipindi viwili mwanafunzi aweze (a) kuzidisha na kugawanya makumi kwa 2 bila kusita, (b) kukadiria matokeo ya vitendo vinavyofuatana, (c) kuchagua vitendo vitatu kati ya vinne na kueleza sababu za uchaguzi wake.

Zana: Vipande vya karatasi ngumu za maboksi, kalamu, na mbegu au vijiwe. Mbegu moja ni uhai 10. Wanafunzi wachore wanyama wanaowafahamu. Hakuna haja ya kunakili picha za mchezo wa Japani.

Sheria: Kiumbe wetu wa kazi nyingi ni Kinyonga. Ana uhai 100, naye anajua vitendo vinne, lakini huingia na vitatu tu:

Piga: humpunguzia adui 30.
Noa: hutumika mara moja, baada yake kila pigo la Kinyonga huwa 60.
Unguza: hutumika mara moja, baada yake kila pigo la adui huwa nusu.
Ponya: humrudishia Kinyonga uhai 40, usizidi 100.

Maadui ni watatu, na kila mmoja ana uhai 100. Tembo hupiga 40, naye hutenda baada ya Kinyonga. Chui hupiga 40, naye hutangulia kutenda. Kobe hupiga 10 tu, lakini kila mwisho wa duru, kama bado yu hai, hujirudishia uhai 30, usizidi 100.

Hatua ya kwanza. Mwalimu acheze na darasa zima dhidi ya Tembo, akiandika hesabu ubaoni. Bila Noa, Kinyonga hupiga mara tatu, jumla 90, na Tembo hubaki na 10. Pigo la tatu la Tembo hutimiza 120, na Kinyonga hutolewa. Mwalimu aulize: “Tungefanyaje?” Kisha ajaribu Noa. Duru ya kwanza Kinyonga hapigi kabisa. Duru ya pili hupiga 60. Duru ya tatu hupiga 60 tena, jumla 120. Tembo hutoka kabla ya kupiga pigo lake la tatu, na Kinyonga amebaki na uhai 20. Watoto wauone ukweli huu kwa macho yao: duru iliyoonekana kupotea ndiyo iliyoleta ushindi.

Hatua ya pili. Makundi ya watu wanne au watano yapambane na Chui. Watagundua kwamba Noa haitoshi, kwa kuwa Chui hutangulia na humtoa Kinyonga katika duru ya tatu. Waachwe wahangaike kidogo kabla ya kusaidiwa. Njia inayofaa ni Unguza katika duru ya kwanza, ambapo Kinyonga amebaki na 60. Tangu hapo Chui hupiga 20. Kinyonga hupiga katika duru ya pili, hujiponya katika ya tatu, hupiga katika ya nne, hujiponya katika ya tano, kisha hupiga katika ya sita na ya saba. Mapigo manne ni 120, naye Chui ametoka.

Hatua ya tatu. Makundi yapambane na Kobe. Kundi lililochagua Piga, Unguza na Ponya litapiga 30, na Kobe atajirudishia 30, hata kengele igonge. Kundi lenye Noa litampunguzia 60 naye atarudisha 30. Katika duru ya nne atatoka.

Hapo mwalimu asimamishe mchezo na kuuliza: “Je, viko vitendo vitatu vinavyowashinda maadui wote watatu?” Havipo. Chui anataka Piga, Unguza na Ponya. Kobe anataka Piga na Noa. Jumla ni vinne. Wanafunzi wasiambiwe jibu hili. Walifikie wenyewe kwa kujaza jedwali la daftarini lenye maadui upande mmoja na vitendo upande wa pili.

Hatua ya nne, kipindi cha pili. Kila kundi lipewe mwenzi mmoja wa Kinyonga. Nusu ya makundi wapewe Nungunungu: uhai 100, pigo 10, na miiba inayomrudishia mpigaji kiasi kile kile alichopiga. Nusu nyingine wapewe Tai: uhai 60, pigo 60. Kama Kinyonga, nao hutenda kabla ya Tembo na baada ya Chui. Makundi yajue kwamba watakutana na Chui na Kobe, na kwamba wao ndio watakaoamua nani akabiliane na nani.

Nungunungu humtoa Chui katika duru ya pili, lakini Kobe hamwezi. Kwa hiyo Kinyonga wake achukue Noa. Tai humtoa Kobe katika duru ya tatu, lakini Chui humtoa yeye katika duru ya pili. Kwa hiyo Kinyonga wake achukue Unguza na Ponya. Makundi mawili yaliyofanya uchaguzi tofauti yote yawe yamefanya uchaguzi sahihi. Hili ndilo jambo ambalo watoto wetu hukutana nalo mara chache mno katika hesabu, na mwalimu asilipite haraka.

Mambo ya kuangalia

Usigawe alama kwa ushindi. Kila kundi liandike sentensi mbili kabla ya kupambana: “Tumechagua … kwa sababu …” na “Tumeacha … kwa sababu …”. Sentensi ya pili ni muhimu kuliko ya kwanza, kwa maana ndiyo inayoonyesha kwamba mtoto amepima.

Badilisha mhesabu kila pambano. La sivyo, mtoto mmoja mwepesi atahesabu na wengine watatazama. Usiruhusu kadi au mbegu kugeuzwa kamari.

Hitimisho

Darasani mwako watakuwamo akina Kinyonga: watoto wanaoweza kuimba, kuchora, kuhesabu na kuongoza wenzao. Mara nyingi mwalimu huwabebesha kila kazi, kisha huwalaumu kwamba hawamalizi. Watakuwamo pia akina Pachirisu, ambao hatuwaiti mbele kwa sababu uwezo wao ni mdogo na wa namna moja. Mwalimu aliyeuelewa mchezo huu atamsaidia wa kwanza kuchagua, na atamtafutia wa pili pengo linalolingana naye. Kazi zote mbili huanza kwa kulijua kundi zima.

Maswali ya kujadiliwa

1. Kundi limechagua Piga, Noa na Ponya dhidi ya Tembo na Kobe. Je, Ponya ilifanya kazi gani? Ungewaelekezaje bila kuwapa jibu?
2. Kinyonga mwenye Piga, Unguza na Ponya humshinda Tembo katika duru ngapi? Linganisha na njia ya Noa, kisha eleza ni lini njia ya polepole inafaa zaidi.
3. Tunga adui wa nne ambaye Nungunungu na Tai wote hawamwezi, lakini Kinyonga anamweza. Andaa hesabu zake zote kabla ya kumpeleka darasani.