Kimea: Chakula cha Mtoto au Mambo ya Kilabuni?

Msomaji, ukisikia neno kimea unafikiria nini? Kwa wengi hapa Ufipa jibu ni pombe ya ulezi, basi! Lakini kimea ni punje zilizolowekwa zikaota, zikakaushwa na kusagwa. Jina lenyewe linatokana na kumea. Pombe ni safari nyingine: lazima hamira igeuze utamu ule kuwa kileo. Unga wa kimea peke yake haumleweshi mtu.

Sasa tutazame bakuli la mtoto. Utafiti wa taifa wa 2015–16 ulikuta watoto 56 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano mkoani Rukwa wamedumaa. Tuliongoza nchi nzima, sisi wenye mahindi tele! Ule wa 2022 ulikuta karibu 50. Sababu ni nyingi, maradhi na maji machafu yakiwemo. Lakini fikiria pia tumbo la mtoto wa miezi minane, lilivyo dogo. Uji mzito unamshinda kumeza, mama anaongeza maji, mtoto anashiba maji.

Punje inapoota hutengeneza kimeng'enya kiitwacho amilesi (hata mate yako unayo), ambacho hukatakata wanga. Kijiko kimoja cha chai cha kimea kikitiwa kwenye uji mzito, uji unalainika bila kuongeza maji. Kikombe kilekile sasa kinabeba unga mara mbili au zaidi.

Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilihimiza kimea tangu miaka ya 1980. Mbona hakijaingia kila nyumba? Hapo si sayansi tena, ni watu. Mama kijana anaogopa majirani watasema anamlewesha mtoto. Mwingine dhehebu lake linakataza pombe, hataki hata kimea kionekane jikoni. Mwingine anaona unga wa pakiti ndio wa kisasa, ulezi ni wa shamba. Na mara nyingi anayeamua mtoto ale nini ni bibi, wala siyo yule aliyekwenda kliniki. Kwa maoni yangu tumekosea kumruka bibi. Yeye ndiye fundi, ameotesha ulezi kabla hatujazaliwa!

Tahadhari: joto na unyevu huotesha mbegu, na vijidudu pia. Ujerumani mwaka 2011 machipukizi ya uwatu yalieneza bakteria, watu zaidi ya 50 wakafa. Kwa hiyo uji uchemke tena baada ya kutiwa kimea. Mtama uache, maana vimizizi na machipukizi yake yana sumu ya sianidi.

JARIBU NYUMBANI

Loweka ulezi safi usiku kucha, chuja, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu. Anika juani ukauke kabisa, pukusa vimizizi, saga. Ukiona ukungu, tupa. Pika uji mzito, gawa vikombe viwili, uache upoe kiasi cha kuonjeka. Tia kijiko cha kimea katika kimoja tu, koroga, subiri dakika kumi. Andika tofauti unayoiona. Kisha mwite bibi atazame vikombe vyote viwili, umuulize angempa mjukuu wake kipi, na kwa nini.