John Tukey na Chimbuko la Sayansi ya Data

Vijana wengi hutaka kujua ni masomo gani yamfikishayo mtu katika kazi ya uanasayansi wa data. Aghalabu hujibiwa kwa kutajiwa hisabati, takwimu na kompyuta. Jibu hilo ni sahihi, lakini halijatimia. Maisha ya Mmarekani John Tukey, mmoja wa waasisi wa fani hii, yanadhihirisha jambo la nne: mazoea ya kuihoji namba kabla ya kuiamini.

Tukey alizaliwa mwaka 1915, akakulia New Bedford, mji wa pwani katika jimbo la Massachusetts. Alikuwa mtoto wa pekee wa wazazi waliokuwa walimu. Kwa kuwa siku hizo mwanamke aliyeolewa hakupewa nafasi ya kudumu ya ualimu mahali hapo, mama yake alifundisha shuleni kwa vipindi tu, na mwanawe akapata sehemu kubwa ya elimu yake nyumbani na katika maktaba ya mji. Mwaka 1936 alipata shahada ya kemia katika Chuo Kikuu cha Brown, na mwaka uliofuata shahada ya pili ya somo hilo hilo. Mwaka 1939 alitunukiwa udaktari wa hisabati huko Princeton. Tasnifu yake ilihusu topolojia, tawi la hisabati tupu lisilogusa vipimo vya maisha ya kila siku.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndiyo iliyomgeuza. Aliwekwa katika ofisi iliyochunguza ulengaji wa shabaha za mizinga. Huko vipimo vilitoka kwa binadamu na vyombo, na vyote viwili hukosea. Vita ilipokwisha mwaka 1945, mwanatopolojia huyo alikuwa amekwisha kuwa mwanatakwimu. Tangu hapo aligawa kazi yake kati ya Princeton na maabara za Bell. Mwaka 1962 alitoa makala ndefu akidai kwamba uchambuzi wa data ni sayansi yenyewe, wala si tawi dogo la hisabati.

Ili kuelewa dai hilo, tuchukue mfano. Zahanati moja imeandikisha wagonjwa wa kuhara kwa siku 7: 4, 5, 5, 6, 7, 8 na 70. Jumla ni 105, hivyo wastani ni wagonjwa 15 kwa siku. Lakini hakuna hata siku moja iliyokaribia kuwa na wagonjwa 15! Tukizipanga hesabu hizo kuanzia ndogo hadi kubwa, ile ya katikati ni 6, nayo inaeleza vizuri zaidi siku ya kawaida. Katika kitabu chake cha mwaka 1977, Tukey alieneza mchoro wa kisanduku ufaao kwa kazi hii. Kisanduku hushika nusu ya katikati ya hesabu zote. Mstari ndani yake huonyesha namba ya katikati. Na thamani iliyojitenga mbali huwekwa peke yake kama nukta.

Je, hiyo 70 ni nini? Huenda karani aliongeza sifuri mbele ya 7. Huenda pia ni dalili ya kwanza ya kipindupindu. Anayeifuta bila kuuliza anaweza kuficha maradhi; anayeimeza katika wastani anaificha vilevile. Hakuna kanuni ya hesabu iwezayo kuamua. Sharti mtu arudi kwenye daftari, na pengine kwenye kisima.

Tukey alifariki mwaka 2000. Kompyuta za leo hukokotoa wastani wa mamilioni ya namba kwa kufumba na kufumbua, lakini nukta iliyojitenga bado humngoja mtu wa kuiuliza imetoka wapi. Mwanafunzi anayetaka kazi hii na aanze hapo.