Gazeti ni Mali ya Nani?

Gazeti la kila juma huandikwa na mmoja au wawili, huchapwa na wengine, hununuliwa na wengi, na husomwa na watu wengi kuliko hao walionunua. Je, ni mali ya nani? Swali hili si geni kwetu sisi tunaoketi kila juma mbele ya karatasi tupu. Katika somo la leo twapenda kulitazama kwa kufuata maisha ya mtu mmoja wa zama za Malkia Victoria huko Uingereza, Feargus O'Connor, mwenye gazeti la Northern Star, yaani Nyota ya Kaskazini.

Bwana huyu hakuwa Mwingereza. Alizaliwa Ireland, katika jimbo la Cork, mwishoni mwa karne ya 18, katika ukoo wa Kiprotestanti uliokuwa na mashamba na uliojivunia kutoka kwa wafalme wa kale wa nchi ile. Baba yake mdogo, Arthur O'Connor, aliingia katika njama za kuikomboa Ireland, akaishia kuwa jemadari huko Ufaransa. Feargus alisoma sheria, na mwaka 1832 akachaguliwa kuwa mbunge wa Cork chini ya uongozi wa Daniel O'Connell, yule Mkatoliki mashuhuri ambaye jitihada zake ziliwafungulia Wakatoliki mlango wa Bunge mwaka 1829. Lakini fahali wawili hawakai zizi moja. Waligombana, na mwaka 1835 O'Connor akapoteza kiti chake kwa kuwa mali yake haikufikia kiasi ambacho sheria ilimdai kila mbunge awe nacho.

Ndipo alipogeukia kaskazini mwa Uingereza, nchi ya viwanda vya nguo. Huko wafumaji waliotumia mitambo ya mkono walikuwa wakishindwa na mashine za mvuke, na ujira wao ulikuwa umeshuka hata kuwa shilingi chache kwa juma. Sheria ya mwaka 1834 ilikusudia kwamba maskini mwenye nguvu za kufanya kazi asisaidiwe nyumbani kwake, bali aingie katika nyumba ya maskini, na humo mume alitengwa na mkewe na watoto wao. Watu hawa hawakuwa na kura. Wala hawakuwa na gazeti, kwa sababu kila nakala ya gazeti la habari ilitozwa kodi ya muhuri, na hadi mwaka 1836 kodi hiyo ilikuwa peni 4. Wachapaji waliothubutu kutoa magazeti bila muhuri, kama Henry Hetherington wa London, walitiwa gerezani, na mamia ya wachuuzi wao kadhalika. Mwaka 1836 kodi ilipunguzwa ikawa peni 1.

Nyota ya Kaskazini ilitoka mara ya kwanza katika mji wa Leeds tarehe 18 Novemba 1837, miezi michache tu baada ya Victoria kushika kiti cha enzi. Fedha za kuanzia zilipatikana kwa hisa za paundi moja moja, zilizonunuliwa na watu wa Leeds, Halifax, Bradford, Huddersfield na miji mingine ya kaskazini. Mchapaji alikuwa Joshua Hobson, ambaye mwenyewe alikuwa amekwisha kufungwa kwa kuchapa gazeti lisilo na muhuri. Mhariri alikuwa William Hill. Lakini jina lililokuwa juu ya yote lilikuwa la O'Connor, na kila juma barua yake kwa wasomaji ilikuwa kama mbiu ya kijiji.

Bei yake ilikuwa peni 4 na nusu. Kwa mfumaji, hiyo haikuwa fedha ndogo. Basi walichangiana watu kadhaa, wakanunua nakala moja, na Jumamosi au Jumapili wakakusanyika nyumbani, karakanani au kilabuni, mmoja aliyejua kusoma akawasomea wenzake kwa sauti. Wazee wetu wengi wa huku watalielewa jambo hilo bila kufafanuliwa, maana nao walisomewa magazeti na watoto wao waliosoma shule. Mwaka 1839 Nyota iliuza kwa wastani nakala zipatazo 36,000 kila juma, na kwa kuwa kila nakala ililipiwa muhuri, hesabu hiyo si majigambo ya mwenye gazeti bali imetoka katika vitabu vya serikali. Ukiwahesabu na wasikilizaji, hutaona ajabu kwamba mabwana wa London walianza kupoteza usingizi.

Ndani ya gazeti, barua ya O'Connor ilikuwa sehemu moja tu. Kurasa zake zilijaa taarifa za mikutano ya vijiji ambavyo magazeti makubwa hayakujua hata kuandika majina yake: nani alikuwa mwenyekiti, nani alisema, peni ngapi zilichangwa kwa ajili ya wake wa wafungwa. Kulikuwa na mashairi ya mafundi viatu na wafumaji. Mtu aliyekuwa hajapata kuona jina lake popote ila katika daftari ya ubatizo, sasa aliliona likisomwa nchi nzima. Hapa ndipo twaona jibu la kwanza la swali letu. Watu hao waliliita gazeti letu, wala hawakukosea.

Mwaka 1838 ilitangazwa Hati ya Watu. Ilidai mambo sita: kila mwanamume aliyetimia miaka 21 awe na kura, kura iwe ya siri, mbunge asidaiwe kuwa na mali, wabunge walipwe mshahara, majimbo yawe na wapiga kura sawasawa, na Bunge lichaguliwe kila mwaka. Mwaka 1839 maombi yenye sahihi zaidi ya milioni 1 na robo yalipelekwa Bungeni, nayo yakakataliwa. Mwaka 1842 yalipelekwa mengine yenye sahihi zaidi ya milioni 3, na hayo pia yakakataliwa. Katikati ya hayo, mwezi Mei 1840, O'Connor alihukumiwa kifungo cha miezi 18 katika ngome ya York, kwa maneno ya uchochezi yaliyochapwa gazetini. Hata gerezani hakunyamaza. Barua zake zilitoka nje na kuchapwa. Alipofunguliwa mwaka 1841 alitoka amevaa suti ya fustian, kitambaa kizito cha pamba walichovaa wafanyakazi. Bwana wa ukoo wa mashamba alikuwa amevaa nguo ya wasomaji wake, na hakuna mmoja wao aliyehitaji kuelezwa maana yake.

Tungependa kuishia hapo, lakini haki yatutaka tuendelee.

Watu wakikuamini namna hiyo, wamekukabidhi kitu kizito. Mwaka 1845 O'Connor alianzisha mpango wa mashamba. Maskini wachange kidogo kidogo, mashamba yanunuliwe, kisha kwa kura wagawiwe wenye bahati nyumba na ekari 2, 3 au 4. Gazeti liliusifu mpango huo juma baada ya juma. Watu wapatao 70,000 walichanga, na fedha zilizopatikana zilizidi paundi 90,000. Waliopata nyumba na shamba ni kama 250. Kamati ya Bunge ilipochunguza mwaka 1848 iliona kwamba mpango haukuwa halali na kwamba vitabu vya hesabu viliwekwa ovyo. Tena iliona jambo ambalo adui zake hawakupenda kulisikia: O'Connor hakuiba. Mapungufu ya hesabu yalikuwa yamemwumiza yeye mwenyewe, kwa maana alikuwa ametia fedha zake humo. Hakuwa mwizi, alikuwa mtu aliyehesabu kwa matumaini.

Kosa hilo hilo ndilo lililomwangusha mwaka ule ule wa 1848. Tarehe 10 Aprili umati ulikutana katika uwanja wa Kennington, kusini mwa London, ili kupeleka maombi ya tatu. Serikali ilikuwa imeandikisha maelfu na maelfu ya askari wa muda, na ulinzi wa mji ulikuwa chini ya mzee Wellington, mshindi wa Napoleon. O'Connor, ambaye wakati huo alikuwa mbunge wa Nottingham, alikubali maandamano yasivuke mto, akawasihi watu waende makwao kwa amani, na maombi yakapelekwa kwa magari ya farasi ya kukodi. Kwa tendo hilo wengine walimwita mwoga. Sisi twaona ya kuwa aliokoa maisha ya watu. Lakini Bungeni alitangaza kwamba maombi yalikuwa na sahihi 5,706,000. Makarani wa Bunge waliketi wakazihesabu, wakaona 1,975,496, na miongoni mwake kulikuwa na majina ya mzaha, hata la Malkia mwenyewe. Bunge likacheka, na magazeti ya matajiri yakacheka kwa miezi mingi.

Huzuni yake ni kwamba hesabu ya kweli ilitosha. Hata ukitoa majina ya mzaha, sahihi zile zilizidi idadi ya watu wote waliokuwa na haki ya kupiga kura katika ufalme ule. Kama angalisema milioni 1 na nusu, nani angalicheka? Milioni zile nne za uwongo zilifunika watu wa kweli, yule fundi wa viatu na yule mfumaji, walioandika majina yao kwa mkono usiozoea kalamu.

Baada ya hapo nguvu zake zilififia, na akili yake pia. Mwanzoni mwa mwaka 1852 gazeti liliuzwa. Mwezi Juni mwaka ule aliwashambulia wabunge wenzake Bungeni, akapelekwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili huko Chiswick. Alifariki London tarehe 30 Agosti 1855, bila mali. Katika madai sita ya Hati, matano yamekuwa sheria: sharti la mali liliondolewa mwaka 1858, kura ya siri ikaja mwaka 1872, mishahara ya wabunge mwaka 1911, na kura kwa wanaume wote na majimbo yenye uwiano yakafuata hatua kwa hatua.

Waliotazama mazishi yake katika makaburi ya Kensal Green wamekadiriwa kuwa 40,000. Mwezi Juni wa mwaka ule ule Bunge lilikuwa limefuta kodi ya muhuri, na kabla mwaka haujaisha, magazeti ya peni 1 yalikuwa yakiuzwa London pasipo mtu kufungwa.