Umewashwa Usiku? Hesabu Saa Kurudi Nyuma

Umekula mishkaki saa mbili usiku, ukalala salama. Saa saba unashtuka mwili mzima unawasha, mabaka yamejaa tumboni na mgongoni, tumbo linakata. Usikimbilie kulaumu shuka wala maji uliyokunywa mwisho. Rudi nyuma saa mbili hadi sita, ujiulize: nilikula nyama gani?

Halafu jiulize la pili: wiki au miezi iliyopita niliumwa na kupe? Kama unachunga Lugoba, unalima Kiwangwa au unatembeza wageni Saadani, huenda umeumwa na ukasahau. Kuna kupe ambao wakikunyonya wanakuachia mwilini sukari iitwayo alfa-gali. Sukari hiyohiyo imo kwenye nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe na swala. Mwili ukishaichukia, ukila nyama hizo unaweza kuleta fujo: hiyo ndiyo aleji ya alfa-gali. Wagonjwa wa aina hii wapo Marekani na Australia, na huku kwetu Afrika wameripotiwa Afrika Kusini.

Usiache nyama kwa sababu tu umeumwa na kupe. Wengi huumwa na wanaendelea kula supu bila shida.

Ukipata dalili, andika kwenye simu: ulikula nini, saa ngapi, dalili zilianza saa ngapi. Piga picha mabaka kabla hayajapotea, maana ukifika kwa daktari asubuhi ngozi inaweza kuwa safi kabisa. Mweleze na habari ya kupe. Asipoisikia kwako, hawezi kuibahatisha.

Kipimo cha damu kipo, ila majibu yake hayatoshi peke yake. Vijijini Afrika wapo watu wengi wenye kingamwili za alfa-gali ambao nyama haiwadhuru. Daktari atalinganisha majibu na yale uliyoandika. Na usijaribu kula kilo ya nyama nyumbani ili "kuhakikisha".

Ukishaambiwa ni aleji hii, hapa pwani uko mahali pazuri. Samaki, pweza, ngisi, kamba, kuku, bata na mayai havina alfa-gali. Soko la samaki la Bagamoyo litakulisha mwaka mzima.

Kazi iko kwenye vyakula vinavyojificha. Kuchambua finyango kwenye pilau ya shughuli hakusaidii; mchele umeiva ndani ya supu ya nyama ileile. Mwambie mpishi mapema akuwekee wali mweupe na samaki. Wenye shughuli hawakasiriki ukisema mwili wako unakataa nyama. Wanakasirika ukiacha sahani imejaa.

Figo na utumbo ndio wabaya zaidi, pamoja na nyama yenye mafuta mengi. Kwa hiyo supu ya asubuhi achana nayo, hata ukimwambia muuzaji akuwekee mchuzi mtupu. Kwenye jiko la mishkaki, kuku wako asichomwe juu ya wavu unaochuruzika mafuta ya ng'ombe. Soseji ya kuku nayo soma pakiti: ganda lake linaweza kuwa la utumbo wa mnyama. Jeli na peremende laini nyingi zina jelatini. Maziwa na samli huwasumbua baadhi tu, basi ulizana na daktari kabla ya kuyaacha.

Ganda la kapsuli nyingi nalo ni jelatini, kwa hiyo kwenye duka la dawa nako sema. Ukiumwa na nyoka, usikatae dawa ya sumu. Nyingi hutengenezwa kwa damu ya farasi, hivyo mwambie daktari una aleji hii ili awe na adrenalini mkononi.

Mabaka ya kuwasha peke yake, kidonge cha setirizini kinatosha kutuliza. Lakini pumzi ikibana, ulimi ukivimba au ukiona kizunguzungu, vidonge havitoshi. Unahitaji sindano ya adrenalini pajani, haraka. Mgonjwa aliyelegea alazwe, miguu iinuliwe. Anayehema kwa shida mwacheni akae. Tafuteni gari au bajaji. Bodaboda hapana, anaweza kuzirai njiani.

Sasa kupe wenyewe, maana hapa ndipo ushindi ulipo. Aleji hii kwa wengi hupungua baada ya miaka kadhaa bila kuumwa tena. Ukiumwa upya, inaweza kurudi na nguvu zake zote.

Ukiingia porini vaa suruali ndefu ya rangi nyepesi, uiingize ndani ya soksi. Paka dawa ya kufukuza wadudu. Ukirudi, vua nguo nje ya chumba na ujikague: makwapa, kinena, kitovu, nyuma ya magoti, nyuma ya masikio. Vile vichanga vyao vinafanana na vumbi la ugoro, kwa hiyo tumia mwanga.

Ukimkuta kaganda, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumzungusha. Hakuna mafuta ya taa, hakuna njiti ya moto, na usimpasue kwa kucha kama wafanyavyo wachungaji wengi. Osha kwa sabuni, andika tarehe. Homa ikija siku chache baadaye, na pale alipouma pana kidonda cheusi, nenda hospitali hata kama kipimo cha malaria kimesema huna.

Ng'ombe wapelekwe josho kwa ratiba, na mbwa anayelala mlangoni naye apate dawa.