Jifunze: Je, Kifaa Chako Kinatumwa na Wahalifu?

Botineti ni kundi la vifaa vilivyoambukizwa programu hasidi na kuamriwa kwa siri na mhalifu. Mwaka 2016, botineti iitwayo Mirai iliteka kamera za ulinzi na ruta kwa kujaribu nywila za kiwandani, kisha ikazituma zifurishe tovuti kwa maombi hadi zikakwama. Wakenya waliona madhara ya mashambulizi ya mafuriko hayo Julai 2023, huduma za eCitizen zilipotatizika.

Kifaa kilichotekwa huendelea kufanya kazi, hivyo mwenyewe hashtuki. Kinachokifichua ni mawasiliano yake. Ikiwa una saiba, shule au duka lenye intaneti, fuata hatua hizi:

1. Jua hali ya kawaida. Fungua ukurasa wa ruta na uandike, kwa wiki moja, data inayotumwa na kila kifaa mchana na usiku.

2. Tafuta dalili: data nyingi kutoka wakati umefunga, kifaa kuita anwani ileile kila baada ya muda uleule, au kubisha hodi kwa mamia ya anwani ngeni.

3. Usihukumu kwa dalili moja. Simu pia hujisasisha usiku. Tenganisha kifaa kimoja kimoja uone dalili inakoma lini.

4. Kuzima na kuwasha huondoa Mirai, lakini itarudi nywila ikibaki ileile. Rejesha kifaa katika hali ya kiwandani, badilisha nywila, kisha sasisha programu yake.

Ripoti kisa chako kwa KE-CIRT/CC, kituo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.