Kuku wa Kijapani na Mayai Viza

Nyumbani kwetu Likoni hatukosi kuku. Yupo kishingo asiye na manyoya shingoni, yupo kidimu wa manyoya yaliyojikunja, na jirani ana kuchi, lile jogoo refu kama askari wa doria. Lakini wapita njia hawasimami kwa ajili ya hao. Husimama kumtazama chabo, kuku mdogo wa Kijapani tuliyeletewa na mjomba. Miguu yake ni mifupi hata tumbo karibu liburure mchanga, mkia umesimama wima kupita kichwa, na jogoo wake hutembea kwa maringo utadhani bwana harusi. Uzito haufiki kilo moja. Huyu si kitoweo, ni pambo. Jina chabo lasemekana kutokana na Champa, ufalme wa kale uliokuwa katika nchi iitwayo leo Vietnam.

Mwaka jana tetea wetu alilalia mayai manane. Siku ya 21 wakatoka vifaranga sita. Mayai mawili viza. Nikamrukia mdogo wangu: "Ni wewe uliyeyatikisa!" Maskini alikana, akaapa, akalia, wala sikumsikiza. Mara ya pili nilimpiga marufuku hata kukaribia banda. Yakaviza matatu!

Basi tulipofika kwenye somo la urithi katika bayolojia, nilimwuliza mwalimu. Akachora mraba ubaoni. Ufupi wa miguu ya chabo huletwa na jeni moja. Kifaranga akiipata kwa mzazi mmoja tu, huwa mfupi. Asipoipata kabisa, huwa na miguu mirefu. Akiipata kwa baba na kwa mama pia, hufa mle mle ndani ya yai. Kwa hiyo ukipandisha mfupi kwa mfupi, katika kila mayai manne yenye mbegu, moja halianguliwi, mawili hutoa wafupi na moja hutoa mrefu. Huo ni wastani, si hesabu ya dukani.

Lo! Na sisi wale warefu tulikuwa tukiwachinja, ati ni machotara. Kumbe mrefu akipandishwa na mfupi, nusu ya vifaranga huwa wafupi, na hakuna hata mmoja anayekufa kwa sababu ya jeni hiyo.

Jioni ile nilimwita mdogo wangu nikamchorea ule mraba mchangani. Aliutazama kitambo, kisha akaniuliza kama sasa ana ruhusa ya kuingia bandani.