ANTIVAIRASI YA KOMPYUTA YA NYUMBANI: SOMA HAPA KABLA HUJATOA HELA

Wengi tunauza kwa simu, lakini picha za bidhaa, oda na hesabu tunazitunza kwenye kompyuta ya nyumbani. Leo tuongelee ulinzi wake.

Nianze na yaliyonikuta. Kompyuta yangu ya kwanza ilikuwa ya mtumba, na fundi aliniwekea antivairasi ya kulipia bure kabisa. Nikafurahi, kumbe imekrakiwa, hata apdeti haipati. Siku moja nikaenda na flashi Mpanda mjini kuprinti, nikarudi nayo hapa Litapunga, nikachomeka. Mafaili yote yakageuka shotikati, hayafunguki. Orodha ya madeni ilikuwa humo. Kuna wateja wawili mpaka leo wanasema walishalipa, na mimi sina cha kuwaonyesha.

Tangu hapo napima hivi:

1. ANZA NA ULIYONAYO. Windows 10 na 11 zinakuja na Microsoft Defender, bure. Bonyeza Start, andika Windows Security, angalia kama kuna tiki ya kijani. Kwa wengi wetu hiyo inatosha. Ila Microsoft iliacha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kama hujajiunga na mpango wao wa nyongeza, matundu ya mfumo hayazibwi, hata ununue antivairasi ya bei gani.

2. USIAMINI TANGAZO, ANGALIA MAJARIBIO. AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria wanazijaribu programu hizi na kuweka matokeo bure mtandaoni. AV-TEST wanatoa pointi mpaka 6 kwa ulinzi, 6 kwa wepesi na 6 kwa kutosumbua mtumiaji, jumla 18. Defender nayo wanaijaribu. Kama ya kulipia haiizidi, unalipia nini?

3. KOMPYUTA YAKO INAIBEBA? Nyingi zina muda wa kujaribu bure. Weka, halafu fungua picha, Excel na WhatsApp kwa pamoja kama siku ya kazi. Ikiganda, itoe.

4. BANDO. Antivairasi bila apdeti ni mlinzi mwenye picha za wezi wa mwaka jana. Kama kompyuta inakaa wiki bila intaneti, tenga bando la apdeti kwanza.

5. BEI YA MWAKA WA PILI. Mara nyingi mwaka wa kwanza ni punguzo, wa pili bei inapanda na kadi inakatwa yenyewe. Soma hapo kabla ya kulipa, na zima malipo ya kujirudia.

6. WEKA MOJA TU. Mbili zinagombana na kompyuta inakuwa nzito. Na ya kukraki usiguse. Aliyevunja kufuli la programu anaweza kuwa ameacha na mlango wake humo.

7. IJARIBU. Kuna faili linaitwa EICAR, lina herufi 68 tu, halina madhara, limetengenezwa kwa kazi hiyo. Lipakue kwenye tovuti ya EICAR wenyewe. Programu yako ikikaa kimya, hailindi kitu.

Sasa jambo la mwisho, na ndilo kubwa. Antivairasi haiwezi kukuzuia kumtajia mtu namba ya siri au kodi iliyotumwa kwenye simu yako. Ukipata zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", peleka namba ya tapeli 15040, ni bure. Na tunza nakala ya hesabu sehemu nyingine nje ya kompyuta. Mimi kila Ijumaa jioni nanakili kwenye flashi ya hiyo kazi tu, sichomeki popote pengine. Ningekuwa nayo siku ile, wale wateja wawili tungeelewana.

Fungua Windows Security sasa hivi, uone kama tiki ni ya kijani, kisha niambie kwenye komenti umekuta nini. Mtumie na mwenzako anayeuza mtandaoni.